Sura ya Saba: Gramu za Mvua na Gramu za Kiangazi

Mtoto wa kobe chui aliyeanguliwa leo ana uzito wa gramu 30 hivi, nusu ya yai la kuku, na gamba lake halizidi sana sentimita 5. Mizani ya duka la rejareja haitamwona. Lakini Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ni mji ambao dhahabu ya Ituri hupitia ikielekea Kampala, na ile mizani ndogo ya betri inayosoma mpaka sehemu ya gramu haihitaji kutafutwa mbali. Nunua hiyo. Ongeza rula na daftari la mistari, na vyombo vimetimia. Kazi iliyobaki ni kuzisoma namba, na hapo ndipo wafugaji wengi huteleza. Wanataka namba ipande kila wiki. Isipopanda, wanaongeza chakula. Ikipanda kwa kasi, wanajipongeza.

Katika West Nile, kobe mdogo mwenye afya hapandi kila wiki. Mvua huku hushika Machi au Aprili, hupungua kidogo katikati ya mwaka, kisha hurudi kwa nguvu kuanzia Agosti hadi Oktoba. Kufika Desemba nchi imekauka, nyasi zinachomwa, na upepo unaotoka kaskazini unapasua midomo ya watu. Kobe huufuata mwaka huo hatua kwa hatua. Miezi ya mvua hula majani mabichi tangu asubuhi, na ukitazama gamba lake utaona, kati ya kigae kimoja na kingine, mstari wa rangi hafifu: hapo ndipo keratini mpya inatoka. Kiangazi kikikolea, mstari ule hukomaa rangi, hamu ya kula hupungua, na mnyama hujificha chini ya kichaka mchana kutwa. Daftarini, Januari na Februari zinaweza kuwa mstari ulionyooka, au hata wenye kushuka kidogo.

"Mzee, huyu kobe wetu amegoma kukua," kijana atakuambia wakati huo, akimgeuzageuza mkononi. Hajagoma, na afadhali asigeuzwegeuzwe. Kobe huhifadhi maji katika kibofu chake kwa ajili ya siku kama hizo, na akishtuliwa kwa kunyanyuliwa ghafla huyamwaga yote. Kwa mtoto wa gramu 60, akiba iliyomwagika Februari si jambo dogo.

La kuogopa ni uzito kushuka wakati wa mvua. Kobe anayepungua Septemba, ua ukiwa umejaa majani, huenda ana minyoo, au mapafu yake yana shida, au analala mahali penye baridi. Hili la baridi husahaulika, kwa kuwa watu hudhani Afrika ni joto tu. Arua iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua huko unahitaji blanketi. Kobe hana joto lake mwenyewe. Akishiba jioni halafu akalala juu ya saruji yenye unyevu, chakula kinabaki tumboni bila kusagwa, kisha mfugaji anashangaa mbona anakula lakini haongezeki.

Kabla ya kwenda mbele, ni vyema tujue tunazungumzia kobe gani. Savana za kaskazini mwa Uganda zina kobe wa bawaba, mdogo, ambaye akikomaa ana sentimita 20 hivi, na ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hujifunga kama mlango. Kobe chui, mwenye madoa meusi juu ya manjano, ni wa nchi kavu zaidi. Yupo Kidepo na Karamoja, yupo Sudan Kusini. Wa tatu ni jitu la ukanda wa Sahel, ambalo huchimba mashimo marefu na hufikia kilo 100 na zaidi. Makao yake ni Sudan, Sudan Kusini, Ethiopia na kwingineko kuelekea magharibi hadi Senegal. Koboko ipo pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, kwa hiyo mtoto wa kobe anayeuzwa pembeni mwa barabara anaweza kuwa ametoka upande wowote. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 haimruhusu mtu kumiliki mnyama wa pori bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Sura hii haikusudii kumshawishi mtu anunue. Imeandikwa kwa ajili ya yule ambaye tayari anaye kihalali, yule aliyekabidhiwa kobe waliookolewa, na yule anayetaka tu kuelewa mnyama anavyojengeka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayowachanganya watu. Urefu wa gamba na uzito haviendi pamoja. Kitu chochote kinachobaki na umbo lake huku kikiongezeka urefu mara mbili huongezeka uzito mara nane. Mtoto wa sentimita 5 na gramu 30 akifika sentimita 10 atakuwa karibu na gramu 240. Akifika 20, anakaribia kilo 2. Akifika 40, ukubwa wa kobe chui aliyekomaa vizuri, hesabu inakupeleka kwenye kilo 15. Wanyama halisi hawaifuati hesabu hii kwa unyoofu, kwa kuwa wengine ni wapana na wengine warefu, lakini hukaa jirani nayo. Ndiyo maana mfugaji anayelinganisha gramu tupu hudanganyika mara mbili: mwanzoni anaona kobe hakui, miaka michache baadaye anaona anakua kwa miujiza.

Kinachofaa kufuatiliwa ni namba zote mbili kwa pamoja. Uzito ukipanda huku urefu umesimama, kobe ananenepa: nyama hufura kwenye mapaja na shingoni, na akijikunja miguu haiingii yote. Urefu ukipanda huku uzito umebaki nyuma, gamba linajengwa na mwili hauna cha kulijaza, au mnyama amekauka maji. Daktari wa mifugo wa Uingereza, Jackson, alitengeneza mizania ya aina hii kwa kobe wa nchi za Bahari ya Kati, na bado watu huinakili kwa kobe wote duniani. Kwa kobe chui haifai, maana gamba lake limeinuka kama kuba na uzito wake kwa urefu uleule ni tofauti. Tengeneza mstari wako mwenyewe. Pima saa ileile, asubuhi kabla ya chakula na kabla ya kuogeshwa, kwa kuwa mtoto aliyekunywa beseni hurudi mizanini na gramu kadhaa ambazo si zake.

Sasa tuje kwenye kasi. Mwaka 2010 watafiti Ritz, Hammer na Clauss walilinganisha ukuaji wa kobe chui waliofugwa na wale wa porini. Waliofugwa walikua haraka kuliko wa porini, tena kwa tofauti kubwa. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Nyumba ya mfugaji wa Ujerumani au Uswisi haina Januari ya Koboko. Taa inawaka, saladi inaletwa, na kobe hula miezi 12 kama mnyama asiyejua kiangazi. Anafikia ukubwa wa utu uzima akiwa na miaka michache tu, wakati ndugu yake wa porini bado ni kijana anayejificha vichakani. Wapo wanaosema si neno, mradi gamba limenyooka na mifupa ni migumu. Mimi naona ushahidi haujawapa haki ya kusema hivyo kwa utulivu. Mnyama anayeweza kuishi zaidi ya nusu karne hadhihirishi gharama ya utoto wake katika mwaka wa tatu, na viungo kama figo na ini havionekani kwa rula.

Kasoro inayoonekana, na ambayo yamesemwa mengi ya uongo juu yake, ni gamba la vilima. Badala ya kuba laini, kila kigae huinuka na kuwa na kilele chake. Kwa miaka mingi lawama zilitupiwa protini: kobe amelishwa maharage, amelishwa chakula cha mbwa, ndiyo maana. Mwaka 2003 Wiesner na Iben wa Vienna walichapisha matokeo ya jaribio lililolipindua jambo hilo. Walilea watoto 50 wa kobe wa Sahel kwa miezi 5, wakiwagawa katika viwango tofauti vya protini na viwango tofauti vya unyevu wa hewa. Waliokaa kwenye hewa kavu waliota vilima virefu. Waliokaa kwenye unyevu mwingi walibaki na magamba laini zaidi. Protini ilichangia kidogo tu.

Ukitafakari, utaona ni jambo la ajabu. Huyu ni kobe wa ukingo wa jangwa, na bado anahitaji unyevu! Lakini mtoto wa kobe haishi juu ya mchanga uliochomwa na jua. Porini hutoka ardhini mvua zikianza, hujichimbia kwenye mashina ya nyasi nene, hulala ndani ya shimo ambalo hewa yake ina jasho la udongo. Ramani inaonyesha jangwa, ila ngozi ya mtoto huyu imezungukwa na umande. Ndani ya nyumba hali ni kinyume. Chumba cha saruji na bati juu, mwezi wa Februari, ni tanuri kavu kuliko Sahel yenyewe ilivyo kwa mtoto aliyejificha.

Kwa hiyo mfugaji wa Arua ana vitu ambavyo mwenzake wa Ulaya huvinunua kwa pesa nyingi, kisha hujinyima mwenyewe kwa kumweka kobe kwenye boksi. Ana jua la digrii 3 tu kutoka ikweta, mwaka mzima, lenye mionzi ya urujuanimno inayomwezesha kobe kutengeneza vitamini D mwilini. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo, hivyo kobe anayeota jua sebuleni anapata joto pekee. Ana nyasi za aina nyingi. Ana udongo. Panahitajika boma dogo lenye wavu juu, kwa sababu kunguru, mwewe, paka, mbwa na nyoka wote wana hamu na nyama ya ukubwa huo; kichaka cha kivuli; na kona moja ambayo udongo wake humwagiwa maji kila jioni ya kiangazi na kufunikwa kwa nyasi kavu, ili chini yake pabaki na unyevu. Kobe ataipata kona hiyo mwenyewe. Beseni la bati lisiachwe juani saa sita: mtoto aliyeshindwa kupanda kutoka humo hufa ndani ya muda mfupi, na hii ni mojawapo ya njia zinazoua kobe wengi.

Kuogesha ni kumweka kwenye maji ya vuguvugu yanayofika chini ya kidevu, dakika 15 au 20. Wakati wa mvua mara mbili kwa wiki zatosha. Kiangazi, kwa mtoto wa mwaka wa kwanza, kila siku si kupita kiasi. Atakunywa, atajisaidia, na utaona ute mweupe. Ukiwa laini, maji mwilini yanatosha. Ukiwa na chengachenga kama mchanga, amekauka, na huko ndiko mawe ya kibofu huanzia.

Kuhusu chakula, neno la kwanza ni posho, yaani ugali. Watu humpa kobe kile walacho, na posho iliyobaki ni laini na kobe huipenda. Humfanya mzito na humdhulumu mifupa, kwa kuwa wanga hauna kalsiamu ya kujengea gamba. Kobe chui na kobe wa Sahel ni walaji nyasi. Nyasi ndizo ziwe sehemu kubwa ya chakula, zikisindikizwa na majani ya viazi vitamu, kishona nguo, majani na maua ya boga, na maua ya haibiskasi, ambayo kila nyumba yenye ua wa kupendeza mjini inayo. Dodo, yaani mchicha, inafaa mara mojamoja tu, kwani asidi yake hufunga kalsiamu. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Sisi huyatwanga na kuyachemsha kwa sababu hiyo, na kobe hana kinu. Embe, msimu wake ukifika, atalishambulia kwa furaha yote, na tumbo litaendesha. Kipande kidogo, basi.

Kalsiamu hutoka wapi porini? Kobe chui hutafuna mifupa mikavu anayoikuta njiani, na hula hata kinyesi cha fisi, cheupe kwa mifupa iliyosagwa. Nyumbani, maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yanatosha, yakinyunyizwa juu ya majani. Jua lisipokuwepo, unga huo hausaidii kitu, kwa kuwa mwili hauwezi kuupokea bila vitamini D. Dalili za upungufu huonekana taratibu. Gamba la mtoto mchanga ni laini kidogo kwa asili, na kadiri miezi inavyopita linapaswa kuwa gumu. Likizidi kulegea badala ya kukaza, mdomo ukapinda, miguu ya nyuma ikaburuzwa, mgongo ukabonyea juu ya nyonga, ni mifupa inayoyeyuka kutoka ndani. Hapo mizani inaweza bado kusoma vizuri. Tena mara nyingi husoma vizuri, kwa sababu anayelishwa posho kivulini huongezeka gramu mpaka siku anaposhindwa kusimama.

Kobe wa bawaba ana sheria zake, na wanaomlea kama kobe chui humfisha. Yeye hula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, jongoo na minyoo pamoja na majani, na hupenda kivuli na unyevu kuliko jua kali. Ukimtazama akiwa mdogo utadhani umedanganywa aina, kwa maana bawaba haipo. Huanguliwa na gamba zima, na kiungo kile cha nyuma hujitokeza taratibu kadiri anavyokua. Mtoto wa bawaba asiyeweza kujifunga hana ulemavu. Ni mdogo tu.

Watu hupenda kuhesabu pete za vigae wakisema kila moja ni mwaka. Pete hutokana na kukua na kusimama, si na kalenda. Mahali penye misimu miwili ya mvua, kama Kampala, kobe anaweza kuandika pete mbili kwa mwaka. Aliyeugua huandika ya ziada. Mzee aliyesuguliwa na mawe huzipoteza. Umri hausomeki kwa urahisi hata kwa ukubwa. Katika kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, wanakoishi kobe wakubwa wapatao 100,000, wale wa sehemu zenye msongamano na malisho haba hukua polepole na hubaki wadogo kuliko jamaa zao wa sehemu zenye nafasi. Ni damu moja. Malisho ndiyo yaliyowatofautisha.

Na kwa watoto, udogo ndio unaowaponza. Kobe mzima wa Aldabra haibiwi kirahisi, ila mtoto huingia mfukoni. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilipokea kobe wanne kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na kufikia 1955 walikuwa wameongezeka hadi 200. Wizi uliwapunguza mpaka wakabaki 7 mwaka 1996. Mwaka huohuo vilipelekwa vitoto 80, na 40 kati yao vikatoweka, mpaka serikali ilipojenga ua wa kuwalinda kwa msaada wa shirika la kutetea wanyama.

Huku West Nile nako, barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba inaunganisha mpaka wa Kongo na wa Sudan Kusini, na kinachopita humo si mihogo na saruji peke yake. Kobe wote watatu wa sura hii wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ambayo inataka kila safari ya nje iwe na kibali. Kwa kobe wa Sahel waliokamatwa porini, kiwango cha kuuzwa nje kwa biashara kimewekwa sifuri tangu mwaka 2000. Mwaka huohuo Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe hawa watatu hasa, chui, bawaba na wa Sahel, kwa sababu ya kupe: kupe wao wanaweza kubeba ugonjwa wa maji ya moyo unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mfugaji wa ng'ombe wa Koboko hana haja ya kuelezwa kupe ni nini, na anafaa kukumbuka hilo kabla ya kumwacha kobe wa porini aliyeokotwa jana azungukezunguke zizini.

Wafanyabiashara hujibu marufuku kwa karatasi. Cheti huandikwa kwamba kobe alizaliwa na kulelewa shambani, hakutoka porini. Hapo ndipo elimu ya ukuaji hutoka kwenye daftari la mfugaji na kuingia mikononi mwa mkaguzi wa mpakani. Aliyelelewa kwa taa na saladi mara nyingi amekua kwa kasi, na gamba lake lina vilima walau kidogo, kucha ndefu zisizosuguliwa na mdomo uliorefuka. Wa porini amekua kidogokidogo, mvua kwa mvua, na pete zake zimebanana bila mpangilio. Kobe wa sentimita 12 mwenye gamba laini, kingo zilizosagwa na mawe, kovu la moto wa nyika ubavuni na kupe kwenye mkunjo wa paja hakulelewa shambani, hata kama cheti chake kina mihuri mitatu.